Mbwa, Bima na Mtani Wangu wa Kigwa

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Nimebadilisha kulabu ya mnyororo wa Sajini. Ya zamani ilikuwa imelika. Nikampa mabaki ya ugali katika bakuli lake, ambalo halichanganywi na vyombo vya nyumba. Kisha kunawa, kama kila siku. Majirani bado wananong'ona kwamba mzee wa Kiislamu anafuga mbwa. Waache. Wezi walipotoboa ukuta wa nyuma wakaondoka na blanketi, taa na vitabu viwili, hakuna jirani aliyejitolea kubweka.

Mbwa huyu ameniletea kazi kuliko raha. Watoto wa mtaa nimewafundisha: wasimrushie mawe, wasikimbie mbele yake, wasimkaribie akila, wasimkazie macho. Kwenye mlango wa ua nimetundika kibao, nimeandika kwa herufi za Kizungu na za Kiarabu ili pasiwe na wa kusingizia: MBWA MKALI. BISHA HODI, NGOJA.

Leo pia nimelipa bima ya mwaka. Bwana Jivan, wakala kijana wa Kihindi, alikuja mwenyewe kuchukua. Nyumba ikiungua, kampuni italipa. Mgeni akiumwa na mbwa, kampuni italipa matibabu na hasara yake, mradi mbwa awe amefungwa mchana, kibao kiwepo, na mgeni awe ameingia kwa ruhusa. Nimeyasoma masharti yote kwa Kiingereza chao. Mtaani wanacheka kwamba Mzee Karani, ndivyo wanavyoniita, amemkatia mbwa bima na yeye mwenyewe hana.

Nimechoka. Mgongo.

Jumatano, 8 Septemba

Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mateo atapita wiki hii na treni ya kutoka Kigwa, akielekea misitu ya Usinge kurina asali kabla ya mvua. Kila mwaka hulala kwangu kwenda na kurudi. Nimemwekea tumbaku.

Sina ndugu hapa. Nililetwa Tabora na vita ya Wajerumani nikiwa karani wa wapagazi, vita ikaniacha hapa, na kwetu Kisarawe nimefika mara moja tu tangu hapo. Wote niliowajua walikuwa wamekufa. Nilikaa siku chache, nikarudi huku ambako angalau najua njia ya sokoni. Nikaoa, nikafiwa. Mtu pekee anayenijia kama anakuja kwao ni Mateo Maganga, Mnyamwezi, Mkristo, mtani wangu.

Sisi Wazaramo na wao ni watani tangu babu zao waliposhuka pwani na pembe mabegani wakapita kwetu. Mateo haniamkii. Hunitukana. Huniita mtumwa wa babu yake. Huingia kwangu bila hodi, huchukua akitakacho, nami nakikomboa kwa tumbaku au kwa chakula. Nikienda Kigwa nafanya vivyo hivyo. Hakuna kununa, hakuna fidia.

Mwaka jana alipokiona kibao kwa mara ya kwanza alikisoma kwa sauti, pole pole, barabara nzima ikimsikiliza. Akasema, "Kumbe Mzaramo amejifunza kuandika jina lake." Tangu hapo ananiita Mbwa Mkali.

Alhamisi, 9 Septemba

Siku mbaya.

Mateo alifika na treni ya asubuhi. Mimi nilikuwa msalani. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka, akasukuma ua wa mabua upande wa nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye banda la kuku kumchukua jogoo wangu. Alitaka nitoke nimkute ameketi barazani, jogoo mapajani, akinitajia kikombozi chake. Ameshanifanyia hivyo mara nyingi.

Lakini banda nililihamisha mwezi wa sita kwa sababu ya fungo aliyekuwa akila kuku usiku. Nililisogeza mahali mnyororo wa Sajini unapofika. Nilijiona mwerevu. Sikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayeingia kwa nyuma.

Nilisikia kuku, kisha mbwa, kisha kimya. Nilipotoka Mateo alikuwa amekaa chini, mkono wa kulia mdomoni mwa Sajini, hapigi kelele wala havuti. Nilitoa amri, mbwa akaachia. Damu nyingi. Kidole cha shahada na kiganja vimechanika.

Akanitazama. Akasema, "Mbwa wako ana adabu kukushinda, Mzaramo. Yeye amenipa mkono."

Nilimwosha kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, mpaka mikono yangu mwenyewe ikafa ganzi. Nilimfunga kwa shuka safi. Tulikwenda hospitali ya Kitete kwa miguu, yeye akinitukana njia nzima ili nisione anavyotetemeka. Niliona.

Wamemlaza.

Ijumaa, 10 Septemba

Mtu wa idara ya mifugo amekuja. Sajini atafungwa peke yake siku kumi. Akionyesha kichaa, Mateo atachomwa sindano za tumboni. Asipoonyesha, basi.

Namsogezea Sajini bakuli la maji kwa kijiti kirefu. Ananitazama kama kawaida. Namchukia, kisha naona haya. Alifanya nilichomfugia.

Jumatatu, 13 Septemba

Mkono umevimba hadi kiwiko. Daktari haridhiki.

Nimempelekea Mateo uji na ndizi. Wagonjwa wa wodi nzima wamekwishamzoea. Ananitambulisha kwa kila mmoja: huyu ndiye mtumwa niliyewaambia, ndiye anayefuga mbwa mwenye bima. Wanacheka. Anacheka nao. Jasho linamtoka.

Kwa mkono ule anakamata kamba. Mizinga yake ya magome iko juu ya miti mirefu. Mtu hupanda kwa kamba, mkono mmoja unashika moshi, mwingine unashika uhai. Msimu huu ndio unaolisha nyumba yake mpaka mavuno. Mwaka huu shamba halikumpa kitu.

Alhamisi, 16 Septemba

Wamekikata kidole cha shahada. Gumba halikunjiki.

Sikuandika jana.

Jumamosi, 18 Septemba

Nilimpeleka Bwana Jivan hospitali. Nilikuwa na matumaini, na naandika hivyo ili nikumbuke jinsi nilivyokuwa mjinga. Masharti yote tulikuwa tumeyatimiza. Mbwa alifungwa. Kibao kipo. Lilibaki neno moja, ruhusa.

Jivan ni kijana mwema. Alizaliwa pwani, ameletwa huku mwaka huu. Aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda, akafungua kalamu, akauliza jina, kijiji, kazi. Kisha akamwuliza Mateo aliingia kwa Mzee Karani kufanya nini.

Wagonjwa wote walinitazama, wakamtazama Mateo. Walikuwa wanangoja, na yeye alijua wanangoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale miguuni pake. Mnyamwezi aliyeulizwa swali kama lile mbele ya Mzaramo wake hawezi kujibu kama mtu aliye kanisani.

"Niliingia kuiba," alisema Mateo. "Huyu ni mtumwa wa babu yangu. Vyote alivyo navyo ni vyangu, pamoja na yule mbwa."

Kicheko. Hata mwuguzi alicheka. Mateo alifumba macho kwa raha, mara ya kwanza tangu wamkate.

Jivan hakucheka. Aliandika.

Nilimshika bega nikamwambia kwamba ule ni utani, kwamba kwa watani kuingia bila hodi ndiyo ruhusa yenyewe. Alinisikiliza kwa adabu. Nilieleza zaidi. Nilieleza misafara. Nilieleza babu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyojifunga. Tulipotoka nje aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini mwenye nyumba anamtetea mwizi wake kwa bidii hivi, na kama tulikuwa tumepatana kuidanganya kampuni.

Nilianza tena habari za misafara. Mimi niliyesoma masharti yote.

Jumatatu, 20 Septemba

Sajini mzima. Hakuna kichaa. Mtu wa mifugo amemfungulia. Mateo, nilipompa habari, alisema anampongeza mbwa, maana kumng'ata Mzaramo kungemtia kichaa kweli, lakini kwa damu ya Mnyamwezi amenenepa.

Nimelivunja banda la kuku na kulijenga upande wa jikoni. Ua wa nyuma nimeufunga kwa miiba. Nimepunguza mnyororo. Kila nilichofanya leo ningeweza kukifanya mwezi wa sita.

Jumanne, 28 Septemba

Jivan amekuja na jibu kutoka Dar es Salaam. Kampuni haimlipi mtu aliyekiri kwamba aliingia kuiba.

Hakupenda kuniambia. Alikunywa chai yangu yote. Kisha akasema iko njia moja. Mateo aende mahakamani, aape mbele ya hakimu kwamba maneno ya hospitali hayakuwa kweli, aeleze kwa heshima yeye ni nani kwangu na kwa nini huingia. Nami niape vivyo hivyo. Karatasi ya kiapo ikienda Dar, atawasihi. Lakini mzaha usiwepo hata chembe. Wakisikia neno mtumwa tena, wameifunga kesi.

Mateo ametoka hospitali, yuko kwangu. Nilimweleza jioni. Akauliza kama ni lazima mimi niwepo akisema. Nikasema ni lazima.

Akasema, "Basi hapana."

Nilimwelewa. Miaka yote hii sijawahi kuona mtani akilifuta tusi lake. Hilo si tusi la kufutwa. Ukilifuta, maana yake lilikuwa tusi kweli.

Ijumaa, 1 Oktoba

Agnesi, mkewe, amekuja kutoka Kigwa na mtoto mgongoni na mfuko wa michembe, viazi vyao vitamu vya kukaushwa. Aliniamkia shikamoo, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Yeye pia ni mtani wangu. Huwa ananiita mchumba aliyekosa mahari.

Aliutazama mkono wa mumewe. Alikifungua kitambaa, akautazama, akaufunga. Kisha akaanza kupika kana kwamba ndiko alikokuja.

Baada ya chakula Mateo alianza maneno yake, kwamba sasa ana sababu ya kutolima, kwamba Mzaramo atakuja Kigwa kumlimia kama ilivyokuwa zamani. Nilijibu, nikasema Wanyamwezi tumewazoea kwa kubeba, sio kulima. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Agnesi alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka.

"Ninyi chezeni, baba zangu," alisema. "Mimi nataka kujua watoto watakula nini."



Pensheni yangu hainifikishi mimi mwenyewe mwisho wa mwezi. Nilimpa Agnesi kidogo nilichokuwa nacho, mlangoni, kwa siri. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 4 Oktoba

Mateo amekaa barazani tangu asubuhi akijifunza kufunga fundo kwa mkono wa kushoto. Kamba inamtoka. Anaanza tena.

Nilitaka kumwambia ashikilie lile hapana lake, asiende mahakamani, tutapata njia. Njia ipi? Ni haki ya watoto wake, na mbwa ni wangu. Lakini naandika hapa kwamba kuna saa niliomba aendelee kukataa.

Alasiri akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Aliuliza mahakama hufungua saa ngapi. Nikamwambia.

Alhamisi, 7 Oktoba

Tumeapa.

Mateo alivaa koti langu, maana lake lina damu. Agnesi alikaa nyuma. Jivan alikuwepo, amechana nywele kama bwana harusi. Hakimu ni Mnyamwezi wa Uyui, mtu mzima. Aliposikia Mzaramo na Mnyamwezi wamekuja kuapa juu ya jogoo alianza kutabasamu, akidhani amepata cha kuwasimulia nyumbani. Kisha akauona mkono.

Mimi nilitangulia. Nikasema yale niliyoyapanga. Kwamba Mateo Maganga ni mgeni wangu wa miaka mingi. Kwamba nilimngoja wiki ile. Kwamba nyumba yangu iko wazi kwake, mbele na nyuma, na kwamba banda nililihamisha mimi.

Mateo aliweka mkono uliofungwa juu ya Biblia. Karani wa mahakama alimwambia kushoto kunatosha. Hakuuondoa.

"Maneno niliyosema hospitali hayakuwa kweli," alisema. "Mimi si mwizi, na huyu si mtumwa wa mtu. Ni mzee wangu. Namheshimu."

Aliyasema akinitazama. Hakukuwa na kicheko popote usoni pake, na nilitafuta.

Hakimu aliinamisha kichwa akaandika muda mrefu kuliko maneno yalivyokuwa. Hakutuuliza kama sisi ni watani. Alijua.

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndiyo maana sikujua niangalie wapi.

Njiani kurudi tulitembea watatu. Agnesi mbele. Mateo alinipisha penye kivuli.

Ijumaa, 8 Oktoba

Wamerudi Kigwa kungoja. Msikitini nilikaa hadi watu wakaisha. Sikuwa ninaomba kitu hasa.

Alhamisi, 21 Oktoba

Kampuni imekubali. Jivan amekuja mbio kuniambia, kofia mkononi, akifurahi kana kwamba fedha ni zake. Watalipa hospitali na hasara ya msimu. Hawalipi kidole peke yake, lakini ile hasara inatosha kumweka mtu wa kupanda badala yake mwaka huu, na mwakani. Nyumba ya Mateo haitalala njaa.

Nilimshukuru. Amefanya zaidi ya kazi yake. Akaniuliza, kama mtu anayetaka kujifunza, ni kitu gani hasa kilichokuwa kigumu kusema pale mahakamani, maana kwake yalikuwa maneno mazuri sana.

Nilimwambia ndiyo, yalikuwa mazuri.

Sharti jipya: Sajini avae kifunga mdomo cha ngozi anapofunguliwa. Nimekwenda kwa fundi viatu kumpimia.

Jumanne, 26 Oktoba

Mateo alifika jana, akielekea Usinge. Amefuatana na shemeji yake, kaka wa Agnesi, ndiye atakayepanda. Yeye atakaa chini kuwasha moshi na kupokea ndoo. Mvua ziko karibu, wamechelewa, lakini watapata kitu.

Alipita mlango wa mbele. Nilikuwa barazani, nikamwona tangu mbali, na nikamwanza mimi. Nilimwuliza kwa sauti kama Wanyamwezi wamekwisha wote hata wanasafirishwa mabaki. Shemeji alicheka. Mateo alitabasamu.

"Namshukuru Mungu, Mzee. Wewe umeamkaje?"

Nikasema nimeamka vizuri.

Aliketi kwenye kiti nilichomwonyesha. Tuliongea habari za mvua, bei ya nta, homa ya mtoto wake wa pili. Alinishukuru kwa kumsimamia. Alikunywa maji aliyopewa. Tumbaku niliyomwekea ilikuwa dirishani mahali pake pa siku zote, naye aliiona. Ikabidi nimpe. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kuutumia.

Huenda ni mimi. Huenda ni uchovu wake wa safari, au ni shemeji aliyekuwepo. Huenda mwakani. Lakini sidhani amenuna. Ningejua. Alisema neno mbele ya Mungu na anaona hawezi kuliacha mahakamani kama mwavuli. Mateo ni mtu mkweli. Hilo nililijua kabla ya wote.

Walilala, wakaondoka na treni ya leo. Alitandika kitanda chake mwenyewe.

Jumapili, 31 Oktoba

Mvua ya kwanza usiku, ndogo. Vumbi limetulia. Kifunga mdomo cha Sajini kimekaa sawasawa, nimempitisha nacho mtaani na hakuna mtoto aliyekimbia. Bima iko hai hadi mwakani.

Nimesoma kidogo, macho yamekataa. Nimekaa barazani asubuhi nzima. Wamepita watu wengi, wa kanisani na wa sokoni, wakubwa kwa wadogo.

Wote wameniamkia vizuri.